Jinsi ya kuandika kumbukumbu ya mzee wa Kinavajo, mume na baba wa watu

Baba mkwe wangu alipotutoka familia ilikaa kikao nyumbani kwa mama mkwe, watu kama thelathini, waliokosa viti wamesimama mpaka barazani, na pale wanapogawana kazi, nani atatoa kondoo, nani ataongea na mchungaji, nani ataenda kulipia jeneza, shangazi wa mume wangu akanigeukia akasema wewe unajua kuandika, wewe utaandika maisha yake. Basi, hakuna aliyepinga. Mi mtu wa Tanga, nimeolewa huku New Mexico karibu na Shiprock, nna miaka kumi na kitu kwenye ile familia, na usiku ule nilikaa na kompyuta mpaka alfajiri nikatoa kurasa mbili ambazo asubuhi yake karibu zote zilifutwa. Walizifuta kwa upole sana, mstari kwa mstari, na kila mstari wakanieleza kwanini. Naandika hapa vile walivonifundisha manake najua Waswahili tuko wengi huku Arizona na New Mexico, manesi, madereva wa malori, wengine tumeoa na kuolewa, na iko siku utaombwa uandike au usimame useme neno kuhusu mzee wa watu hawa alafu ushindwe pa kuanzia.

Jina lake sitalitaja humu, sababu utaiona mbele.

Tuanze na unaandika kuhusu nani. Navajo ni jina walilopewa na wengine, wenyewe wanajiita Diné, yani watu. Nchi yao iko ndani ya Marekani na imegusa majimbo matatu, Arizona, New Mexico na Utah, makao makuu ni Window Rock, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 70,000, chukua Rwanda na Burundi uziweke pamoja bado hazijafika hapo. Wana rais wao, bunge lao, polisi wao, mahakama zao. Nimewahi kumsikia Mswahili mwenzetu kwenye msiba kabisa anasema "hawa wahindi wekundu", jamani lile neno tuliache, sema Diné au Navajo inatosha.

Sasa, kabla hujagusa kompyuta, uliza hiyo nyumba inaongeaje kuhusu kifo

Hili ndo kosa langu la kwanza na ndo kubwa. Kwetu msiba ni watu kujaa, mikeka inatandikwa, mnalala nje siku kadhaa, na kila anayeingia anasimuliwa upya dakika za mwisho, alikohoa hivi, akaomba maji, akamwita mwanae. Tunaona kusimulia ni kumuenzi. Kwa mila ya Diné kifo hakizungushwi mdomoni. Zamani walizika haraka, watu wachache tu ndo wanagusa mwili, wakimaliza wanaondoka bila kugeuka nyuma, na nyumba aliyofia mtu inaachwa hairudiwi. Siku 4 watu wanakaa kwa utulivu na uangalifu alafu wanajiosha, wengine kwa povu la mzizi wa yucca, mmea wa jangwani. Jina la aliyeondoka halitajwi ovyo kwasababu kulitaja ni kama kumwita, na kuna kitu cha mtu kinachobaki nyuma, wanakiita ch'į́įdii, ambacho hakuna anayetaka kimguse yeye wala watoto wake. Mgeni akiona ule ukimya anaweza kudhani hawana uchungu, mi nakwambia nilikaa nao siku zile nne, uchungu ulikuwepo ndani ya nyumba kama moshi, ila hawakuupa maneno.

Siku hizi mambo yamechanganyika. Nyumba moja unakuta bibi anafata mila, mtoto ni mlokole, mwengine yuko kwenye Native American Church, kanisa la wenyeji wa Marekani wenyewe, na msiba mmoja unabeba yote. Kanisani kuna ibada, makaburini kuna bendera kama alikuwa mwanajeshi, alafu watu wanaenda kula kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa, ule wanaouita chapter house, supu ya kondoo na mikate ya kukaanga. Kwahiyo usikisie wala usiniige mimi, uliza. Uliza jina liandikwe mara ngapi (sisi lilikaa mara moja tu juu kabisa, chini yake kote ni "baba yetu" na "mzee"). Uliza neno gani litumike badala ya "alikufa". Uliza picha ipi. Na muulize nani? Mke wake kwanza, alafu dada zake marehemu, alafu ndo watoto.

Kurasa zangu zilianza hospitalini. Aya nzima ya kitanda, mashine, simu ya usiku. Mama mkwe alivosomewa alinyanyua mkono tu, hakusema kitu, na mwanae mkubwa akaniambia dada haya yaache, wewe andika alivoishi. Aya ikaenda yote. Hata ugonjwa haukutajwa, na nikija kufikiria, mzee aliishi miaka themanini na alilazwa wiki tatu, kwanini zile wiki tatu ndo zikae mbele.

Kuna kitu kizuri kwenye lugha yao ambacho sisi tunakielewa haraka. Sisi tuna "marehemu" na "hayati" tunaviweka kabla ya jina. Wao wanaweka kijineno nyuma, yę́ę, kinachoonesha huyu alikuwepo na sasa hayupo, shizhé'é ni baba yangu, shizhé'é yę́ę ni marehemu baba yangu. Hapo umesema yote bila kutaja kifo.

Koo nne, na hapa usikimbie

Mtu wa Diné akijitambulisha haanzi na kazi wala mji, anaanza na koo nne. Wa kwanza ni ukoo wa mama yake, huo ndo wake yeye mwenyewe. Wa pili ni wa baba yake, na wanausema kwa namna yake, kwamba "nimezaliwa kwa ajili ya" watu hao. Wa tatu ni wa babu mzaa mama, wa nne wa babu mzaa baba. Kumbukumbu ya maisha ya mtu inaanza hivo hivo, mstari wa kwanza au wa pili, kabla ya shule, kabla ya jeshi, kabla ya lolote. Mfano tu, kwa kutumia zile koo nne wanazosema ndo za mwanzo kabisa: alikuwa wa ukoo wa Kinyaa'áanii, Nyumba Ndefu, akazaliwa kwa ajili ya Tódích'íi'nii, Maji Machungu, babu zake wa kwa mama ni Honágháahnii na babu zake wa kwa baba ni Hashtł'ishnii, watu wa Matope. Anayesoma huo mstari, hata kama hakumjua mzee, papo hapo anajua yeye ni nani kwake, ni kaka yake, ni mjomba, ni babu, au ni mtu wa kutaniana nae. Ndio, wana utani, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba wanachapana maneno kabisa, kama watani wetu tu, na msibani utawaona. Huo mtandao wote wa nani ni nani kwa nani wanauita k'é, na ukiukosea umemkosea mzee, tarehe ya kuzaliwa ikikosewa watu watasamehe lakini ukoo hapana.

Tahajia usiibuni. Zile alama juu na chini ya herufi ni sauti, kuna sauti ya juu na ya chini na ya puani, ukiziacha neno linaweza kuwa jengine. Omba mtu wa familia akuandikie, kopi, bandika, alafu mpelekee tena akague baada ya kubandika kwasababu kuna kompyuta zinazimeza zile alama bila kukwambia. Na koo za mzee thibitisha kwa dada zake, usitegemee watoto peke yao. Watoto wake wanaweza kuchanganya koo za mama yao na za baba yao wakiwa na majonzi, kwetu ilitokea, ukoo wa tatu na wa nne uligeuzwa na ni shangazi ndo aligundua.

Sasa hapa kwenye baba. Watoto wa Diné ni wa ukoo wa mama. Baba sio ukoo mmoja na watoto wake mwenyewe. Mi nimetoka kwa watu ambao mtoto anabeba jina la baba mpaka kaburini, kwahiyo mwanzoni nilimuonea huruma baba mkwe, nikaona kama ameishi mgeni ndani ya nyumba yake. Ikachukua miaka mpaka nikaelewa lile neno "kwa ajili ya". Kila mtoto wake akisimama popote pale, shuleni, harusini, kwenye mkutano, kabla hajasema shida yake anasema mimi ni wa mama yangu na nimezaliwa kwa ajili ya watu wa baba yangu. Yani anamtaja baba kila anapofungua mdomo mbele za watu, maisha yake yote, hata baba akishaondoka, na bila kutaja jina lake. Hiyo ndo kumbukumbu yenyewe, imeshaandikwa ndani ya mtoto, wewe na karatasi yako unaongezea tu.

Wanangu wao ukoo wa kwanza unatoka kwangu, na mimi sina ukoo wa Kidiné, kwahiyo wanaanza na Naahiłii, neno ambalo wengi siku hizi wanalipendelea kwa watu weusi, alafu wanasema wamezaliwa kwa ajili ya ukoo wa baba yao. Mzee ndo aliwafundisha, mmoja mmoja, kwenye gari, mpaka waliposema bila kukwama.

Orodha ya aliowaacha, Mswahili hapa unaweza kuliko Mmarekani

Kumbukumbu nyingi za Kimarekani zina ile orodha ya ameacha mke, watoto wangapi, wajukuu wangapi, kwisha. Mi niliandika hivo hivo. Watoto watano, wajukuu kumi na wanne. Alafu akaja kijana mmoja, mtoto wa mdogo wake mzee, akasoma akaniuliza taratibu, na mimi?

Kwa Kidiné ndugu wa kiume wa baba ni shizhé'é yázhí, neno kwa neno ni baba yangu mdogo. Dada wa mama ni shimá yázhí, mama yangu mdogo. Nisomee tena hapo. Baba mdogo, mama mdogo! Watoto wa mama mdogo ni kaka na dada zako, hakuna cha binamu. Mi nimekua na hayo maneno Tanga nikayaacha uwanja wa ndege, nikaja kuandika kwa kichwa cha Kiingereza kumbe watu wenyewe wanaongea kama kwetu. Yule kijana alilelewa na mzee, alikuwa na haki ya kuandikwa mtoto, na nikamuandika mtoto.

Kwahiyo usihesabu vichwa. Kaa na shangazi mmoja anayejua, muombe akutajie nani alimwita mzee baba, nani alimwita baba mdogo, nani alimwita kaka, nani alimwita shicheii, hao ni wajukuu wa kwa binti zake, nani alimwita shinálí, hao ni wa kwa wanae wa kiume. Na hilo la shinálí ni zuri mno, babu anamwita mjukuu shinálí na mjukuu anamwita babu shinálí, neno moja linaenda na kurudi. Nyumbani kwetu ilikuwa simu ikiita mwanangu anapokea anasema shinálí? na upande wa pili inajibu shinálí. Hiyo niliiandika na hawakuifuta.

Waliomtangulia nao wanaandikwa, wazazi wake, ndugu zake, mtoto kama alizika mtoto, ila kwa ufupi.

Kuyakusanya maisha yake

Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani", utajibiwa alikuwa mtu mzuri na hapo umekwama. Uliza vitu vya mkono. Kitovu chake kimezikwa wapi? Nilipouliza hilo swali wazee walinitazama kwa mshangao, hawakutegemea mtu wa mbali ajue, nikawaambia kwetu pia mtu anasema pale kilipozikwa kitovu changu. Wao wanaweza kukizika karibu na zizi ili mtoto awe mtu wa mifugo, na cha baba mkwe kilikuwa zizini kwa bibi yake, na kweli mpaka uzeeni alikuwa akipita kundi la kondoo la mtu anasimamisha gari kulitazama. Uliza aliamka saa ngapi na alitoka mlango gani (nyumba yao ya asili, hooghan, mlango unatazama mashariki, na kuna wazee wanatoka alfajiri na chavua ya mahindi kuomba). Uliza gari lake la kwanza, farasi wake, kondoo walikuwa wangapi, alijifunza wapi kuchomelea vyuma, nani alimfundisha kufua fedha, ni milima ipi aliiona kutoka kwao. Milima minne mitakatifu ndo mipaka ya nchi yao ya jadi na kila mtu ana ule anaouona akiwa nyumbani.

Alafu mwaka wa kuzaliwa ukishaujua, utafute na historia iliyompitia, manake wazee hawa wengi hawakujisimulia. Kama familia inasema bibi yake bibi alirudi kutoka Hwéeldi, ujue wanaongelea mwaka 1864 walivofukuzwa na jeshi la Marekani wakatembezwa mamia ya kilomita mpaka kambi ya Bosque Redondo, ndo hiyo Hwéeldi, maelfu ya watu, wengi wakafia njiani na kambini, mpaka mkataba wa Juni 1868 uliowarudisha kwao. Watu wachache sana duniani walihamishwa vile wakafanikiwa kurudi kwenye ardhi yao wenyewe. Kama wazazi wake walikuwa wafugaji miaka ya 1930 basi waliona serikali inawapunguzia kondoo na mbuzi kwa lazima, wengine wanapigwa risasi mbele ya mwenyewe. Kama alisoma shule za bweni, muulize mke wake taratibu sana na ukiona hataki achana nalo, kule watoto walinyolewa nywele na kukatazwa lugha yao. Baba mkwe alikatazwa lugha akiwa na miaka sita, alafu akaja kuwafundisha wanangu hiyo hiyo lugha. Sentensi moja tu, hiyo, na inasema kila kitu.

Kama alikuwa vita ya pili ya dunia na alikuwa kwenye Marines, kikosi cha askari wa majini cha Marekani, uliza kama alikuwa kwenye wale waliotumia Kidiné kama lugha ya siri. Mwaka 1942 walianza vijana 29, mpaka vita inaisha walikuwa kama 400, na siri yenyewe ilifunguliwa 1968, kwahiyo kuna wababa walikaa na wake zao miaka zaidi ya ishirini bila kuwaambia walifanya nini kule visiwani. Hao sasa wameshaondoka karibu wote lakini watoto wao wapo na wanaandika kumbukumbu zao mpaka leo.

Na kama alifanya kazi migodi ya urani, hapo andika na tunza karatasi. Kuanzia 1944 mpaka 1986 walichimba karibu tani milioni 30 za mawe ya urani kwenye ardhi ya Wanavajo, wameacha migodi zaidi ya 500 imekaa tu, na wanaume walirudi nyumbani na lile vumbi kwenye nguo, wake wakazifua pamoja na za watoto. Kuna sheria ya fidia ya mwaka 1990. Ukikuta kwenye masanduku stabu za mshahara, vitambulisho vya mgodini, cheti cha ndoa, karatasi za jeshi, usitupe hata moja, mpe mjane kwenye bahasha moja. Nimeona familia inahangaika miezi kwa kukosa karatasi moja iliyotupwa wiki ya msiba na mtu aliyekuwa anasaidia kusafisha.

Jina la ukoo la kizungu nalo lina hadithi, hili nalisema kwa kupita. Begay imetoka kwenye neno la "mtoto wake wa kiume", Yazzie ni "mdogo", Nez ni "mrefu", makarani na walimu wa shule waliandika walichosikia kikawa jina la familia milele. Kwahiyo Yazzie wawili wanaweza wasiwe ndugu hata kidogo, usiunganishe watu kwa jina, unganisha kwa koo.

Sehemu ya mume

Hii ndo iliyonipa shida. Niliandika "alimpenda sana mke wake kwa moyo wote", mama mkwe akasomewa akatikisa kichwa. Sio kwamba uongo. Aliniambia, mume wangu alinitafsiria, hayo mtu yeyote anaweza kuandikiwa.

Nikaanza kuuliza upya. Kwa mila mwanaume akioa anahamia upande wa mke, anajenga karibu na mama mkwe, kondoo ni wa mke, nyumba ni ya mke, na juu ya hayo mkwe na mama mkwe wake hawatakiwi kutazamana uso kwa uso, kuna makabila yetu pia yana hiyo heshima kwahiyo wengine hapa mtaielewa. Baba mkwe alioa mwaka ambao barabara ya lami haijafika kwao. Miaka ishirini na kitu, mpaka yule bibi alipoondoka, kila kabla ya theluji alikata kuni mlimani akazipeleka pikapu nzima nje ya hooghan ya mama mkwe wake, akashusha, akazipanga, akapiga honi mara moja akaondoka ndo bibi anatoka. Hawakuwahi kutazamana. Bibi alimshonea blanketi.

Na maji. Nchi ya Wanavajo kama asilimia 30 ya nyumba hazina bomba, ndani ya Marekani hii hii, na nyumba ya baba mkwe ilikuwa mojawapo mpaka watoto wakawa watu wazima. Alikuwa na matenki mawili nyuma ya pikapu. Jumapili kabla ya kanisa anaenda kuchota, kama kilomita arobaini kwenda na kurudi, anajaza mapipa ya nyumbani, ya kondoo, na ya mjane mmoja jirani, na hata alipokuwa anafanya kazi za kuchomelea mbali, wiki nzima hayupo, Jumapili maji yamo. Haya ndo niliyoandika. Kuni, honi, blanketi, maji. Neno upendo halimo kwenye ile karatasi hata mara moja na hakuna aliyelikosa.

Kwahiyo ukifika sehemu hii tafuta kazi aliyoirudia maisha yake yote bila kuambiwa, kila mzee anayo. Wengine ni kuamka usiku kuwasha jiko la kuni ili watoto wakiamka nyumba iwe na joto, wengine ni kuwapeleka wajukuu kwenye basketi kila mchezo, wengine ni kuokota njugu za msonobari kila vuli kwa ajili ya mke tu anayezipenda.

Ukitaka umbo lake, yetu ilikuwa hivi, nimebadilisha vitu: "Baba yetu alizaliwa majira ya kondoo kuzaa, karibu na mwamba ambao Diné wanauita Tsé Bit'a'í. Alikuwa wa ukoo wa fulani, akazaliwa kwa ajili ya fulani. Bibi yake alizika kitovu chake zizini. Alichomelea vyuma miaka thelathini na nane na hakuna mtoto wake aliyelala bila moto ndani. Kwa mama yetu alikuwa mume, kwa mama yake mama yetu alikuwa honi moja mlangoni na kuni zilizopangwa." Fupi, inasomeka kwa sauti, na kila mtu pale ukumbini anacheka kidogo kwenye honi kwasababu waliisikia.

Mambo madogo yanayoharibu msiba

Muda. Utashangaa lakini hili limewaacha watu nje ya kanisa. Arizona haibadilishi saa kiangazi, ila nchi ya Wanavajo iliyo ndani ya Arizona inabadilisha, na eneo la Wahopi, kabila jingine, lililo katikati ya Wanavajo halibadilishi. Kwahiyo ibada ya saa 4 asubuhi Shiprock au Window Rock mwezi wa saba, Phoenix ni saa 3. Andika wazi "saa za Navajo Nation", na Waswahili wenzangu andikeni kwa saa zao, sio zetu, mi niliwahi kumtumia mtu "saa nne" akaelewa jioni.

Picha msiweke ya mwili wala jeneza wazi, hata kama kwenu Tanga au Kisumu mnarekodi video nzima. Chagua ile aliyovaa kofia yake na feruzi yake, amesimama na farasi au na mkewe. Omba ruhusa kabla ya kuiweka mtandaoni, na kama familia ikisema subirini siku nne zipite, subirini.

Nguo na vitu vyake usiombe kumbukumbu. Kwetu tunagawana nguo za marehemu na ni baraka, wao wengi hawavigusi, vingine vinaenda nae, blanketi zuri jipya, bangili, mkanda. Binti yangu alitaka kofia ya babu, nikamkataza asiombe. Wakati ulivopita wakampa kamba yake ya farasi wao wenyewe.

Gazeti ni Navajo Times, linatoka Window Rock kila wiki, kwahiyo uliza siku ya mwisho ya kupokea na bei yake kabla hujaandika maneno elfu. Wazee wengi wako redioni, KTNN, AM 660, inasikika mbali sana na inaongea Kidiné, kwahiyo uliza na huko taarifa zinapokelewaje, na toleo la redio aandike mtu anayeongea lugha, usitafsiri na mashine.

Siku ya kusoma, asome mtu wa familia. Wewe uliyeandika kaa nyuma. Soma nae mara mbili kabla ili koo azitamke bila kusita. Baadae, mwaka ukipita, familia nyingi hufanya mashindano ya basketi au rodeo kwa kumkumbuka, karatasi yako itatolewa tena hapo, kwahiyo hifadhi nakala kwenye simu zaidi ya moja.

Na sentensi ya mwisho muachie mke wake. Usimwandikie, mwambie tu kuna nafasi ya mstari mmoja hapa chini, ni wako. Mama mkwe alikaa na karatasi siku nzima ile mezani mbele yake, watu wanaingia wanatoka, chungu kinachemka nje, na jioni akamwita mume wangu akamwambia kwa Kidiné, mume wangu akanyamaza kidogo kabla ya kunitafsiria. Andika mapipa yamejaa.